Mkulima Asiyeshika Jembe

Tulimwita Fundi, na jina hilo liliwasumbua wageni. Mtu akifika Msambweni na baiskeli iliyokatika mnyororo, akauliza fundi yuko wapi, alielekezwa kwa Fundi kwa furaha kubwa. Fundi alimpa kiti, akamtilia kahawa, akaitazama ile baiskeli kwa makini, akazunguka nyuma, akarudi mbele, kisha akatoa hukumu yake: "Huu ni ugonjwa wa mnyororo, bwana. Mtafute anayejua minyororo. Mimi ni fundi wa mabega." Mgeni alikuwa amekwisha kunywa kahawa, kwa hiyo hakuweza hata kukasirika.

Mabega yenyewe yalikuwa ya sengenya, ngoma yetu Wadigo, ile inayopigwa kwa nzumari na chapuo, vigoma vidogo vinavyojibizana. Kucheza hakukuwa jambo geni kwetu. Mvuvi alicheza, mgema alicheza, mwenye duka alicheza milango ikishafungwa. Lakini ukimwuliza mmoja wao kazi yake, mvuvi atakwambia anavua na mgema atakwambia anagema. Fundi peke yake ndiye aliyejibu, bila kupepesa macho, kwamba kazi yake ni ngoma. Hapo ndipo watu walipoguna. Husemwa mcheza kwao hutuzwa, naye Fundi alisema waliotunga methali hiyo hawakupata kufika Msambweni, maana hapa mcheza kwao huulizwa shamba lake liko wapi.

Nilijiunga na kikundi chake nikiwa na miaka kumi na tisa, wakati Uhuru ulikuwa ukizungumzwa katika kila baraza na kila mtu akijipangia atakuwa nani ukishafika. Wenzangu walitaka ukarani. Mimi nilitaka kucheza, na jambo hilo sikumwambia mtu yeyote isipokuwa Fundi, ambaye hakufurahi hata kidogo. Alinitazama kuanzia chini kwenda juu, akafika mabegani, akasikitika.

"Bega la kushoto linachelewa," akasema. "Lakini tutaona."

Mafunzo yake yalikuwa hivi. Alijaza maji kwenye kata ya kifuu, akakuwekea kichwani, akapiga chapuo. Ulitakiwa mabega yacheze na kichwa kisijue. Maji yakimwagika, adhabu yako ni kwenda kisimani na kurudi na ndoo mbili. Mimi nilimwaga sana. Wenzangu nao walimwaga. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba tangu tuanze mafunzo mkewe Fundi hakuwa amekwenda kisimani hata siku moja, na kwamba siku ambazo mitungi yake imejaa, chapuo ilipigwa polepole na hakuna aliyemwaga. Nilipomwuliza Fundi alisema ni kudra ya Mwenyezi Mungu.

Miguu yake aliitunza kuliko watu wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Hakupanda mnazi, hakupiga mpira, hakutembea pekupeku isipokuwa uwanjani. Alivaa soksi za kijivu ndani ya champali, kiangazi na masika, na alipochekwa alisema, "Seremala huiacha randa yake mvuani?" Kabla ya ngoma aliinawa miguu ile taratibu, kila kidole kwa zamu yake, akaifuta kwa kitambaa cheupe ambacho mkewe hakuruhusiwa kukitumia kwa jambo lolote jingine. Mkewe alikitumia kuchujia tui. Sisi tulijua, Fundi hakujua, na tui lilikuwa tamu.

Alichukia uongo kwa moyo wake wote. "Mabega hayasemi uongo," ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kila siku. Mtu huyohuyo alikuwa na umri wa miaka arobaini kwa miaka tisa niliyoihesabu mwenyewe. Aliahidi kufika Funzi alfajiri kwa harusi akafika adhuhuri, akaapa kwamba ni Funzi iliyosogea. Uongo wake mwenyewe aliuita mapambo. Uongo wa wengine aliuita uongo.

Na alikuwa mtu wa msikitini, safu ya mbele, kanzu imepigwa pasi. Adhana ikisikika, chapuo zilinyamaza hata kama bibi harusi yuko katikati ya uwanja. Mwalimu wa madrasa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakuridhika na hilo. Kila Ijumaa baada ya sala alimshika mkono akamwambia, "Sheikh, ngoma haitakupeleka peponi." Fundi akamjibu, "Wala sijaiomba nauli." Kisha walikwenda pamoja kunywa kahawa. Urafiki ule ulinishangaza ujana wangu wote, na mwishoni nitaeleza ulikuwa wa kina kiasi gani.

Uhuru ulipofika tuliitwa Kwale kucheza mbele ya mgeni wa heshima. Tulipanda lori alfajiri, tukasimamishwa juani mpaka saa saba. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye karatasi mkononi na filimbi shingoni, akasema vikundi ni vingi, kwa hiyo sisi tuna dakika mbili.

"Dakika mbili," Fundi akarudia. "Ahsante sana, bwana."

Sisi wachezaji tulitazamana. Ahsante hiyo haikuwa tabia yake.

Kwetu ngoma haiingii uwanjani kama kuku waliofunguliwa banda. Chapuo hubisha hodi mara tatu, mwenyeji huitikia, wachezaji huzunguka, mkubwa wao humpa mwenyeji mkono, humwuliza hali, hutaja tulikotoka, huomba ruhusa, na ndipo mambo huanza. Siku ile Fundi hakuruka hata hatua moja. Chapuo ikabisha hodi. Tukangoja mgeni wa heshima aelezwe kwamba anapaswa kusema karibu. Akasema karibu. Tukazunguka uwanja mzima, polepole, kwa heshima zote. Fundi akampa mkono.

"Hujambo, bwana mkubwa? Wa nyumbani hawajambo? Watoto? Na mvua, huko kwenu imenyesha?"

Mgeni, ambaye alikuwa mtu mwungwana, akaeleza habari za mvua. Filimbi ikalia. Fundi akainama, akasema, "Basi kwaherini," akageuka, nasi tukamfuata tumejipanga mstari, mpaka nje ya kamba.

Watu walipiga kelele ambazo sijazisikia tena Kwale. Mgeni wa heshima aliinuka kitini akauliza ngoma iko wapi. "Bwana," Fundi akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "dakika mbili ni za salamu. Ngoma imebaki nje inangoja nafasi." Tuliitwa tena, na safari hii yule wa filimbi alinyang'anywa filimbi. Tulicheza mpaka mgeni mwenyewe akaingia uwanjani, na hotuba ikafupishwa, na kila aliyekuwapo akakiri kwamba Uhuru umeanza vizuri.

Hoteli moja ya Diani nayo ilitutaka. Meneja, Mzungu mwembamba, alitushonea visketi vya katani tuvae kiunoni, akitaka tuonekane watu wa porini mbele ya wageni wake. Fundi alivipokea kwa mikono miwili. Jioni tulitokea tumevaa kanzu fupi nyeupe na vikoi, na meneja alipouliza katani yake iko wapi, Fundi alimwambia iko kazini. Ilikuwa kazini kweli. Sufuria za Msambweni zilisuguliwa kwa katani ile mwaka mzima.

Kwa hiyo mtu ungedhani hapakuwa na kitu cha kumshinda Fundi. Kilikuwapo, nacho kilikuwa mstari mmoja kwenye karatasi.

Mwaka wa pili au wa tatu wa Uhuru wanaume tuliagizwa tukaandikishwe upya vipande, vile vitambulisho vya serikali. Nilimsindikiza Fundi mpaka ofisini Kwale. Karani alikuwa kijana wa bara, mpole, amechoka. Akauliza jina, akauliza kijiji, akafika pale penyewe.

"Kazi?"

"Kucheza ngoma."

"Mzee, nimeuliza kazi, sijauliza starehe."

"Nami nimekujibu kazi. Starehe yangu ni kulala."

"Haiwezekani. Kila mtu anacheza."

"Na kila mtu anaandika barua," Fundi akasema, "lakini karani ni wewe."

Foleni ikacheka. Fundi akavua champali, akavua soksi, akazikunja, akanipa nishike. Akaniashiria benchi. Nikaketi nikalipiga kama chapuo, mtu wa nyuma akaanza kupiga makofi, na ndani ya ofisi ile ya serikali Fundi akacheza. Sikupata kumwona akicheza vile kabla wala baada ya siku hiyo. Mabega yalikwenda, kichwa kilitulia, macho yake hayakuondoka kwa karani. Kisha akasimama ghafla akaonyesha chini ya meza, ambako kiatu cha karani kilikuwa kikigonga sakafu.

"Unaona? Mguu wako umekwisha andika. Bado mkono."

Karani aliuvuta mguu haraka, akaona haya, akaandika. Fundi alisoma herufi za Kurani vizuri sana lakini za kizungu hazikumjua wala hakuzijua. Tulipofika nje akanipa nimsomee. Palikuwa pameandikwa mkulima.

Lori likatushusha mlima wote. Tulipofika Ukunda akasema, "Basi serikali imesema uongo. Na mimi sitaisaidia." Tangu siku ile hakushika jembe. Zamani alikuwa akimsaidia mkewe siku mbili tatu za masika, na hizo nazo akazifuta, ili pasitokee mtu wa kusema kipande kilikuwa sahihi. Mkewe alilima mihogo, akalima kunde, akapalilia mpunga, na hakuna aliyemwandika chochote, maana wakati huo wanawake hawakupewa vipande. "Serikali imekukosea wewe," alimwambia mumewe mbele yetu sote, "mbona ninayeadhibiwa ni mimi?"

Miezi michache baadaye ikawa zamu yangu. Kabla sijaondoka Fundi aliniita, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Bakari, wewe umesoma. Unaijua lugha ya makarani. Mwambie akuandike mcheza ngoma. Akimwandika mmoja wetu, wa pili hatamshangaza. Mimi nimeshindwa, lakini haidhuru ukipita wewe."

Nikaenda. Karani alikuwa yuleyule. Alipouliza kazi nilifungua mdomo kujibu, nikageuka kidogo, na nyuma yangu kwenye foleni alikuwa amesimama baba wa msichana niliyetaka kumposa, mtu wa kijiji kingine. Alikuwa ametega sikio.

"Mvuvi," nikasema.

Mimi hutapika chomboni. Nimetapika kwenda Funzi, nimetapika kurudi, na mara moja nilitapika Shimoni mashua ikiwa bado imefungwa gatini. Karani akaandika mvuvi, mkwe mtarajiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikashuka mlima nikiwa nimejichukia.

Fundi alikuwa akiningoja njiani. "Wamekuandikaje?"

Nilikusudia kusema kweli, Mungu ni shahidi. Lakini alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumanne.

"Mcheza ngoma," nikasema.

Alikishika kipande changu kwa ncha za vidole, akakitazama kichwa chini miguu juu, akanirudishia. Macho yake yalilengwalengwa na machozi. Akamwita mkewe, akachinja kuku, tena si kuku wa kawaida bali jogoo wake mwekundu. Kesho yake Msambweni nzima ilijua. Kila tulipokwenda kucheza alinisimamisha mbele akatangaza, "Huyu ndiye aliyeandikwa na serikali." Akanitoa safu ya nyuma akaniweka ya kwanza, bega langu la kushoto likiwa bado halijapona.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Mjomba wangu alikuwa amenipatia kazi bandarini Mombasa, kazi nzuri yenye sare, nikaikataa. Ningekwendaje, nami ndiye niliyeandikwa? Nilijifunza kwa kata ya maji hata siku ambazo hakuna aliyeniamuru. Kila pongezi ilinichoma, nami nikaongeza bidii ili angalau niistahili. Kwa upande wa pili, nilipooa, baba mkwe aliniuliza samaki kila Ijumaa. Nilinunua changu wa watu sokoni, nikawapitisha kwenye mchanga kidogo, nikawapeleka nikilalamika juu ya mawimbi. Maisha yangu yalikuwa hivyo: kwa mkwe nilikuwa mvuvi, kwa Fundi nilikuwa mtu wa kwanza katika historia, na kipande nilikishonea mfukoni ili kisionwe na yeyote.

Kilionwa mara moja. Lori letu lilisimamishwa njiani, askari akakisoma kipande changu kwa sauti: "Mvuvi. Sasa mvuvi na njuga za nini miguuni?" Nikashikwa na kikohozi kikubwa. Nilipotupa jicho kwa Fundi alikuwa amegeuka upande wa pili, anamgombeza mpiga nzumari kwa kosa ambalo lilikuwa la mwezi uliopita. Nikamshukuru Mungu.

Miaka ikapita mingi. Magoti ya Fundi yalichoka, kikundi nikakiongoza mimi, nikahamia Ukunda karibu na mahoteli. Nilicheza, nikalea watoto kwa kucheza, na bega la kushoto likapona. Asubuhi moja nikaenda kumtazama.

Mkewe alikuwa ameketi barazani amenyoosha miguu, amevaa champali mpya na soksi za kijivu. Sikuwahi kumkuta mama yule ameketi asubuhi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Fundi yupo?"

"Yuko nyuma," akasema. "Kazini."

Nikazunguka nyumba. Fundi alikuwa katikati ya mihogo, kikoi amekikunja magotini, anapalilia. Aliponiona alilificha jembe nyuma ya mgongo, lakini mpini ulipita kichwa chake.

"Hapana anayelima hapa," akasema kabla sijatoa salamu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Ni yule mama yako." Akaketi juu ya tuta, akafuta uso. "Si wanawake nao wameanza kupewa vipande? Amekwenda Kwale. Karani akamwuliza kazi. Mwenzangu akasema, mcheza ngoma."

"Mama?"

"Mama! Hajui hata nzumari ishikwe wapi. Na karani, kijana mdogo, hakuinua hata kichwa. Akaandika."

"Hakumwambia acheze?"

"Hakumwambia. Angemwambia tungeaibika. Basi amerudi, ameketi pale, anasema mcheza ngoma halimi, amefundishwa na mimi. Sasa mihogo nani ataipalilia?"

Nilicheka mpaka nikashika mti. Yeye hakucheka. Alichomoa kwenye pindo la kikoi kitu kilichofungwa karatasi ya nailoni, akakifungua taratibu. Kilikuwa kipande cha mkewe.

"Nisomee," akasema. "Lakini safari hii, Bakari, soma yaliyoandikwa."

Kicheko kikaniishia. Nikakaa chini kwenye udongo, mtu mzima aliyeanza kuota mvi.

"Ulijua," nikasema.

"Wiki ileile. Shati lako lilikuwa msumarini, wewe uko kisimani. Nilitaka tu kulisikia neno lile tena, kwa mdomo mwingine. Nikakichomoa kipande nikampelekea mwalimu wa madrasa. Akasoma mvuvi. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka, nami nikamwapisha asiseme. Amekwenda na siri ile kaburini, Mungu amrehemu."

"Na ukaendelea kuwatangazia watu?"

"Ningefanyaje? Jogoo alikwisha liwa."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeubeba uongo ule miaka yote ile, na kumbe mzigo ulikuwa na washikaji wawili. Niliona haya, nikafurahi, nikamkasirikia kidogo, yote kwa pamoja.

"Kwa nini hukuniambia, Fundi?"

"Ningekwambia ungekwenda bandarini. Mtu akikamatwa hukimbia. Anayeogopa kukamatwa ndiye hucheza." Akanisogezea kile kipande. "Soma."

Nikasoma. Jina la mkewe, kijiji, na chini yake: kazi, mcheza ngoma. Akafumba macho. Akaniambia nirudie, nikarudia. Mara ya tatu midomo yake ilikwenda pamoja na yangu.

"Si mimi," akasema. "Si wewe. Lakini imo."

Sauti ya mkewe ikatoka barazani: "Mbona silisikii jembe huko?"

Fundi akashika goti ainuke, nikamzuia. Nikavua viatu, nikachukua jembe, nikaanza tuta lililofuata. Yeye akabaki ameketi, kipande mkononi, akinitazama nikiinua na kushusha, na haikupita hata dakika.

"La kushoto," akasema. "Linachelewa."